Chuo Kilichopakwa Mafuta

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa viti vya nyuma mnaotafuna njugu mkidhani hatuwaoni, Bwana asifiwe pia! Mimi ni Nafula, kidato cha nne, binti wa yule mama anayeuza nguo za watoto sokoni Gikomba. Nimeokoka. Mdomo ndio bado unaombewa.

Ndugu zangu, tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuuliza lipi ni sawa, lipi si sawa, na kwa nini. Nilipogundua kuna watu wanaosomea jambo hilo hadi wanapata shahada, shahada ya maadili, niliruka! Shangazi akasema, "Wewe na maadili? Miaka minne haitakutosha." Nikamsamehe palepale.

Mnakumbuka ile ibada ya kuwaombea watahiniwa. Tulileta kalamu madhabahuni zikapakwa mafuta. Yangu hadi leo inateleza. Siku hiyo alikuja mgeni, bwana wa viatu vinavyong'aa, akatangaza kuwa chuo chake kinafundisha maadili. "Nani anakipokea?" Kabla sijameza mate, Mama alikuwa ameushika mkono wangu na kuuinua juu! Mchungaji akanimiminia mafuta kichwani, akakitaja chuo, kanisa zima likasema amina. Na mnajua desturi yetu: kilichopakwa mafuta hakirudishwi. Ukirudisha, wanasema umerudi nyuma. Nilikuwa nimeozwa kwa chuo nisichokijua!

Niliogopa, ndugu zangu. Mimi! Nikamlilia Mungu: Baba, hiyo ni miaka yangu minne.

Jumamosi Mama akanipeleka kukiona. Lango zuri, maua, kila kitu. Nikamuuliza yule bwana, "Rahabu alidanganya ili awaokoe wapelelezi. Alikosea?"

"Binti, hapa hatubishani. Unapewa noti za somo, unazikariri." Akamgeukia Mama, akacheka. "Mwache tu hapa, mama. Tutamnyoosha."

Mama, ambaye ananinyoosha tangu nizaliwe, akakunja uso. "Kumnyoosha huyu ni kazi yangu. Nafula, twende."

Haleluya! Hapo ndipo minyororo ilikatika!

Tukaenda chuo cha pili, ghorofani juu ya duka la rangi, lifti imekufa. Lakini shahada yake inatambuliwa, nilikagua. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alisikiliza swali langu akaniuliza, "Aliwaokoa wawili. Na majirani zake wa Yeriko waliokufa, je?" Nikavuta kiti, nikamwomba aendelee. Naam, mimi! Mama akamtetea Rahabu, nikampinga Mama, mwalimu akatupinga sote wawili. Tuliteremka ngazi tukiwa bado tunabishana, na huko chini Mama akasema, "Hiki ndicho."

Yakabaki mafuta. Tukaenda kwa Mchungaji, tukamwambia yote. Akakuna kichwa weee, kisha akasema, "Nilimpaka mtoto. Chuo sikukipaka." Mchungaji, kwa neno hilo nimekusamehe yale mahubiri marefu yote!

Kwa hiyo nitaenda huko matokeo yakitoka, nayo yatakuwa mazuri, msinitazame hivyo. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama. Na wewe uliyeketi hapo na swali kifuani, unaogopa kwamba ukilitoa Mungu atakasirika: mwamini, umuulize. Mimi humuuliza kila asubuhi, tena kwa kelele, majirani ni mashahidi. Bado hajanifukuza.