Felista Mkude, Fundi Aliyetuliza Usukani

Saa tisa na nusu alasiri ya tarehe 30 Juni 2025, Fundi Felista Mkude atavua ovaroli yake ya bluu na kuiaga karakana yetu ya Ushirika wa Mboga za Milimani, hapa Kihonda, baada ya kuitumikia miaka thelathini na mitatu. Bi Hidaya wa utumishi ameniomba mimi, Hafidhi, msimamizi wa karakana, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyefanya naye kazi muda mrefu hivyo. Hakuniuliza kama namwonea wivu. Namwonea, tena sana, na wote mnaokunywa chai pamoja nasi mnalijua hilo.

Alizaliwa Mgeta kwa wazazi wakulima wa kabichi, akasomea ufundi magari, akaajiriwa mwaka 1992. Mimi nilikuja mwaka mmoja baadaye, nikiwa na cheti chenye alama nzuri kuliko zake. Haikusaidia kitu. Yeye amekuwa mfanyakazi bora mara saba. Mimi nimekuwa mara moja, mwaka 1996, naye mwaka ule alikuwa likizo ya uzazi! Hadi leo madereva wakifika getini hunipa shikamoo ya haraka, kisha huuliza kama Mama Felista yupo. Nimesimama pale, msimamizi mzima, na hawanioni.

Ana mapungufu yake, msidhani. Huimba nyimbo za kwaya akiwa chini ya gari na sauti hana, hapo angalau namshinda. Spana yake namba kumi na saba hamwazimi mtu, hata aje askofu.

Sasa nifike mwaka 2019. Nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na walioiomba walikuwa wawili tu, yeye na mimi. Wiki hizohizo pikapu mpya inayoshusha mboga kutoka Mgeta ikaanza vituko. Mwendo mdogo, shwari. Lakini ikifika kilomita tisini kwa saa kwenye barabara kuu, dereva Dadi akikanyaga breki, usukani ulitetemeka mpaka meno yake yakagongana. Meneja Rogers alikuja juu. Alitaka ripoti ya chanzo, na akasema wazi kwamba aliyesababisha asahau cheo.

Nilianza mimi. Nilipiga balansi matairi yote manne, usukani ukatetemeka vilevile. Nikafunga diski mpya za breki za mbele, ukatulia. Baada ya wiki mbili mtetemeko ukarudi. Nikafunga nyingine, wiki mbili tena. Karakana nzima ikanibatiza Bwana Wiki Mbili, na jina lile lilinikera kweli.

Ndipo Dada Felista akaingia. Hakushika hata spana. Alimkalisha Dadi chini akamuuliza kama gari hutetemeka bila breki, na kama kinachotikisika ni usukani au kiti. Dadi akajibu kuwa ni kwenye breki tu, na ni usukani tu. Basi, akasema matairi hayana kosa, tatizo ni diski za mbele. Akavua magurudumu, akazizungusha diski mbele ya kipimo chenye mshale, na mshale ukawa unacheza. Zilikuwa zimepinda. Mpaka hapo hata mimi ningefika. Ila yeye akajiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: kwa nini diski mpya zipinde kila baada ya wiki mbili?

Jumamosi yake ya mapumziko alipanda Mgeta na Dadi, wakarudi na mzigo. Dadi alishuka mlima mzima mguu ukiwa kwenye breki, magurudumu yakawa yanatoa harufu ya kuungua. Walipofika kijito cha chini alisimama, akachota maji ya baridi, akayamwagia magurudumu hayohayo ya moto. Chuma kikalia chwaaa! Alipoulizwa kulikoni, alisema anaogopa tangazo la getini: gari lenye tope haliingii karakana. Nililibandika mimi, niliyekuwa nasimamia usafi wa yadi wakati huo, kwa saini yangu, ili ing'ae.

Dada Felista alifunga diski mpya, akakwangua kutu mahali zinapokaa, akakaza nati kwa mpangilio wa msalaba. Akamfundisha Dadi kushuka kwa gia nzito na kuyaacha magurudumu yapoe kabla ya kuyaosha. Tuliijaribu pikapu kwenye barabara ya Mkambarani, nami nikiwa kiti cha nyuma. Dadi alikanyaga breki kwenye kilomita mia, usukani ukatulia tuli. Niseme ukweli, niliumia. Nilikuwa naomba utetemeke, hata kidogo tu.

Ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja. Aliandika kuwa diski zilipindishwa na maji ya baridi. Hakuandika tangazo lilikuwa la nani. Alilibandua mwenyewe, akaliweka kwenye droo yangu, na Dadi akaombwa anyamaze. Bodi ikaangalia vyeti, ikanichagua mimi. Wa kwanza kunipa mkono alikuwa yeye.

Miaka sita nimekaa kwenye kiti hiki nikimwonea wivu aliyeniachia, na sijawahi kumwambia asante. Ripoti ile sasa imekamilika, Meneja Rogers, na ukiniita Jumatatu nitakuja.

Dada Felista, karakana yote inakushukuru. Tunakuombea afya, mvua za kutosha huko Mgeta, na wajukuu wasiochoka kukutembelea. Pumzika vema. Cheo kile kilikuwa chako.