Jina la Mwisho Katika Orodha ya Watoro

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mchungaji wetu, Mama Ceinwen Tudball, wachimbaji wenzangu, na wake zetu mliotuvumilia sisi na masizi yetu: poleni na vita, na hongereni, kwani vimekwisha nasi tungali hai.

Mimi Idwal Prosser, katibu wa chama, nimepewa heshima ya kumuaga Bwana Ashdown, aliyeletwa na serikali kuusimamia mgodi wetu tangu ilipouchukua wakati wa vita. Nani angeamini kwamba ningekuwa mimi? Mimi niliyekuwa nikiiona kofia yake tu, damu inanichemka!

Desturi yetu mnaijua. Mwenzetu akifia chini, wote tunapanda juu, tunamsindikiza hadi mlangoni kwake, na siku hiyo hakuna anayegusa sururu. Lakini sheria ya vita ilisema makaa ya mawe ni silaha, na anayeacha kazi ni mhalifu. Siku ile dari ilipomwangukia Elwyn, mume wa Mama Ceinwen, Bwana Ashdown alituonya kwamba tukiondoka, majina yetu yatakwenda mahakamani, na viongozi watafungwa miezi mitatu. Mke wangu alikuwa mjamzito. Niliogopa, sifichi. Hata hivyo tuliondoka.

Naye akatufuata, nyuma kabisa, akiandika katika kijitabu. Nikawaambia, "Anatuhesabu huyo. Asipewe hata kikombe cha chai." Mkanitii kwa wiki tano nzima. Unacheka, Rhydderch? Wewe ulimkataza hata mbwa wako asimkaribie.

Siku ya kesi hakimu akasoma majina ya watoro kutoka kijitabu kile, la kwanza langu, mpaka akafika la mwisho, akakwama. Akauliza, "Bwana Ashdown, nawe umo?"

Akajibu, "Nilikuwa zamu, mheshimiwa, nikaondoka nao. Sheria haikunitenga. Ukiwafunga, nami nifunge."

Hakimu alivua miwani, akaifuta weee, kisha akaifuta na kesi. Nilipumua, jamani! Mke wangu alilia kwa furaha mbele ya mahakama nzima, na binti yetu akazaliwa nikiwa nyumbani.

Bwana Ashdown, neno moja tu lingetunyamazisha, nawe hukulisema. Ulikula peke yako, ukatembea bila salamu. Kashfa ile kwamba unatuhesabu ili utushtaki niliieneza mimi, mbele ya watu hawa hawa. Basi mbele yao nasema: nilikukosea, nisamehe.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea sikio, ingawa siku ile nilipowaambia asipewe chai, heri mngeninyima.