Mchungaji Sidhom Bekhit, Aliyebeba Sanda kwa Mikono Yake

Kila alfajiri, kabla hajasema na mtu, Mchungaji Sidhom Bekhit alikunywa bilauri ya maji moto ya uwatu ili koo lifunguke, kisha akapanda darini kuwafungia njiwa, wasije wakasikika kwenye kaseti. Mkewe, Insaf, akisikia mlango wa njiwa ukibamizwa, alijua kazi ya redio imeanza na sufuria zisiguswe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapahapa Nagaa Sidarus, mkoa wa Sohag, mtoto wa pili wa Bekhit Awad na Mariam. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alipigwa risasi kwenye miwa, na yeye ndiye aliyemkuta, mbwa wameshamfikia. Kaka yake alilipa kisasi kwa shoka, sokoni, mchana kweupe, akafia jela.

Marehemu alisoma shule ya misheni Asyut, kisha chuo cha theolojia Kairo, akamaliza mwaka 1966. Mama yake alimpokea kituo cha treni na bunduki ya baba imeviringishwa shuka. "Vitabu umemaliza. Sasa shika hii." Aliipokea kwa adabu, akaitupa mferejini. Mama akamzaba kofi mbele ya abiria, asiseme naye tena mpaka alipomwoa Insaf, Januari 1968.

Redioni alianza 1974. Alirekodi chumbani, mablanketi yametundikwa ukutani. Kaseti zikapelekwa Kairo, zikavuka bahari, na baada ya wiki tatu sauti yake ikaturudia kwenye masafa mafupi. Siku moja punda wa jirani alilia katikati ya mahubiri. Insaf akamwambia mumewe, "Baba Tharwat, rudia."

"Mwache. Leo ni yeye peke yake aliyeitikia amina."

Zikaja barua kutoka Sudan na Iraki za kumsalimia punda.

Kisukari kilimwanza 1991, kikamla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hakikumuua.

Agosti mwaka huu Ayad, mtoto wa mdogo wake, aligombea zamu ya maji na Rifaat wa ukoo wa Abskharun, akampasua kichwa kwa jembe. Rifaat alikufa kwenye tope. Nyumba ya Ayad ikachomwa, ng'ombe wakiwa ndani wanalia. Marehemu alikwenda kwa Abskharun mara nyingi, mpaka wakakubali Ayad aje miguu mitupu, sanda mikononi. Wao waipokee, wamwachie uhai. Siku ikapangwa. Kwa kuwa kaseti huchelewa, marehemu alirekodi mapema shukrani zake kwa Abskharun, kwa jina, kwamba wameipokea sanda.

Mzee wao akaugua, siku ikasogezwa mbele. Kaseti ilikuwa imeshakwenda. Redio ikatangaza kila nyumba kwamba wamesamehe, na sanda hawajaiona. Sokoni wakachekwa: "Damu ya Rifaat mmeuza kwa betri ngapi?" Wakatuma neno: mapatano hakuna, Ayad atachinjwa.

Jumanne tarehe 12 Oktoba 1999, marehemu alipeleka sanda mwenyewe. Walimpiga risasi mlangoni kwao, ameinyoosha mbele. Ndiyo aliyovishwa leo. Abskharun wamesema kwao damu imetosha.

Ameacha mjane, Insaf, watoto, Tharwat, Nabila na Madlen, wajukuu watano, na Ayad, ambaye yu hai. Bwana amlaze mahali pasipo na mlio wa bunduki.

Wengi mmeuliza kwa nini viti vimewekwa nje, maana kwetu aliyeuawa hapokelewi rambirambi mpaka alipiwe kisasi. Ni neno lake. Asubuhi ile alipovua viatu, Ayad alimshika miguu. "Amu, kosa langu, niende mimi."

"Jembe lilikuwa lako, mwanangu. Ulimi ulikuwa wangu. Wewe hawatakungoja hata useme salamu."

Insaf akamng'ang'ania kanzu. "Na wewe watakupa nini, chai?"

"Wakinipa, nitawaambia wasitie sukari."

Akamgeukia Tharwat, aliyekuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. "Nikirudishwa nimebebwa, toeni viti siku hiyohiyo, mpokee rambirambi. Ukishika bunduki, mwanangu, utakuwa umeniua wewe. Umenisikia?"

Tharwat akaviokota viatu vya baba yake. Akaulizwa tena. "Nimesikia, baba."

Marehemu akailaza sanda juu ya mikono yake miwili, akatoka akichechemea, akashika njia ya mfereji. Insaf alisimama kizingitini mpaka miwa ikamficha.