Miaka Ishirini na Tisa ya Buanali Mshamu, na Kabati Nililoagiza Mimi

Tarehe 30 Juni 1986 camarada, yaani ndugu yetu, Buanali Mshamu anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye kituo chetu cha radio. Alianza mwaka 1957, enzi za Wareno, kama mfagiaji wa chumba cha mitambo, akajifunza nukta na vistari vya telegrama kwa kusikiliza tu. Uhuru ulipofika, mafundi walishaondoka, na ni yeye peke yake aliyejua kuiwasha mashine.

Sikio lake, jamani! Siku moja Gracinda, mpiga telegrama wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alitutumia telegrama tatu, Buanali akamjibu kwa kumpa pole ya homa. Kweli alikuwa na malaria. Buanali aliusikia mkono wake mzito katika mapigo, basi. Na wakati wote huo mzee anatafuna muhogo, wala hakosei herufi.

Telegrama zilitoka Pemba saa yoyote, lakini sisi tulizisoma kwa radio kwenda kijiji cha Mute nusu saa tu kila asubuhi. Zilizosubiri zilikaa kwenye rafu ya visanduku kumi na viwili. Vikijaa, Buanali aliwaambia Pemba basi, hatupokei tena. Hapo Gracinda humpa karatasi dereva wa lori linalopanda kwa njia ya Awasse, na siku ya pili iko Mute.

Mwaka 1979 akaja responsável mpya, mkuu wa kituo, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na maneno mengi. Ni mimi, Mashaka, niliyeandika haya na ninayewasomea leo. Niliona kukataa telegrama ni uvivu. Nikaagiza kabati la visanduku mia mbili, nikapiga marufuku kuruka foleni hata kwa telegrama ya haraka, na kwenye mkutano nikamsimamisha Buanali, mtu wa umri wa baba yangu, ajikosoe mbele ya wote. Alijikosoa. Kisha akanivuta pembeni: Mashaka weye, wakisikia tumejaa watatafuta njia nyingine; tukinyamaza, watadhani zimefika. Nikamcheka.

Novemba hiyo iliingia telegrama ya kwenda kwa Siwema wa Mute: mama yako yu hoi hospitali ya Pemba, njoo upesi. Ilikaa nyuma ya ripoti za korosho na mialiko ya vikao. Siku tisa! Malori mawili yalipita Awasse bila karatasi ile. Siwema alipofika Pemba, mama alishazikwa.

Wakaguzi walipouliza, nilisema siku ilipoingia zamu ilikuwa ya Buanali. Ilikuwa yake kweli, na huo ndio ujanja nilioutumia. Hakunibishia. Alipata karipio la maandishi, akanyimwa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, kisha akaenda Mute kuomba radhi kwa kosa langu. Mimi nikairudisha rafu ndogo kimyakimya. Naona aibu, tena aibu kubwa. Karibu miaka saba nimekula naye sahani moja nisiseme neno.

Mzee Buanali, kituo kizima kinakushukuru. Mungu akujaalie afya na mapumziko mema pamoja na wajukuu. Barua yangu ya kukiri, na ya kuomba karipio lifutwe, imeshafika kwa mkurugenzi.

Dada Siwema, umekuja leo kwa mwaliko wangu. Kila tukikutana barabarani unanipa mkono mimi, naye unampita bila salamu. Mkono huo mpe yeye.