Gitaa la Kuzika

Kipupwe cha Julai kilikuwa kimemkausha Rolly koo. Jana alipiga muziki Kolwezi, kesho angojewa Lubumbashi. Mwanamuziki asiye na meneja hulala popote gari linapomfikisha. Katika taksi-bisi iliyojaa abiria, mama mmoja, Hélène, aliyeketi kando yake alilitazama gitaa lake kwa muda mrefu.

"Papa, naenda Kikula kuzika mutoto yangu. Shimo ya kobalti ilimuangukia. Alipendaka gitare sana. Shuka na miye, umuimbie."

"Pole, mama," Rolly alinong'ona. "Sauti haiko. Baridi imeikamata. Na kesho niko na concert."

"Weye piga tu. Kuimba, tutaimba shiye."

Gari liliposimama Kikula, mama alishuka bila kugeuka. Rolly akalikumbatia gitaa, akamfuata.