Kikao Kilichomsahau Mwenye Tumbo

Bwana apewe sifa, akina baba wenzangu, na nyie akina mama mliokaa huko nyuma mkijifanya hamsikii. Mimi nakaa Bweri, nauza dagaa sokoni. Leo nasimama kueleza ujinga wangu mwenyewe, kwa hiyo kucheka ni ruksa.

Mke wangu alipopata mimba ya nne, presha ilimpanda vibaya. Daktari akatuambia mimba ile inaweza kumuua. Iondolewe kuokoa maisha yake, au aendelee nayo chini ya uangalizi, ila hatari ipo. Akasema, "Mkaongee, mrudi Ijumaa."

Ndugu zangu, mwenye akili angeongea na mkewe. Mimi nikaenda kijijini kwetu Buswahili kuitisha kikao cha ukoo. Si nilitoa ng'ombe kumi na wawili wa mahari? Nilikuwaga naamini wale ng'ombe walilipia mpaka tumbo. Nikachinja mbuzi, wanaume tisa tukakaa siku mbili. Baba mdogo akasema damu ya ukoo haitolewi. Mwingine akasema mke akifa, ng'ombe nao wamepotea. Tukabishana mpaka sauti zikakauka.

Siku ya pili shangazi alituletea ugali, akaniuliza, "Wewe, mwenye tumbo anasemaje?"

"Sijamuuliza, shangazi."

Wanaume wote wakainamia mchuzi. "Basi hii mbuzi mmeila bure," shangazi akasema, akaondoka.

Nikarudi Bweri. Nilimkuta mke wangu anakunja nguo za watoto, za kila mmoja pembeni, kama mtu anayeaga. Hapo nikaogopa kweli. Nikakaa chini, nikamuuliza anataka nini. Alilia kwanza.

"Siku mbili nakungoja uniulize," akasema. "Nataka kuendelea. Lakini nikizidiwa, waniokoe mimi, hata kama mimba itatolewa. Watoto watatu wananihitaji. Utakubali, au utarudi tena Buswahili?"

Nikaomba na mimi niseme langu. Nikamwambia naogopa kumpoteza, ningependa itolewe mapema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema amenielewa ila ameshaamua. Nikakubali, na Ijumaa tukamweleza daktari hivyo hivyo.

Alilazwa wiki nyingi. Nyumbani nikapika uji, wanangu wakauvumilia. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, na ndiye huyo anayenipigia kelele sasa hivi. Mama yake mzima, mnamwona.

Nawashukuru manesi, shangazi yangu, na jumuiya yetu mliotuletea samaki sato kila Jumapili. Akina baba, nawaambia, sema la moyoni mwako, una haki ya kusikika. Ila muulize yeye kwanza, na akishaamua, simama naye, maana kama ni kufa, angekufa yeye.

Na wewe mama watoto, asante kwa kunisikiliza siku ile. Mimi nilikuwa sijakusikiliza hata dakika moja.