Mtoto Anayelia Juu ya Bati

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja ukiwa ni tofali. Hapo ndipo dunia inapotengenezwa upya kila alasiri, kahawa ikizunguka. Siku hiyo kila mtu alikuwa na neno isipokuwa Timazi, fundi mwashi, aliyepewa jina hilo la kipimo cha kunyooshea ukuta kwa sababu hajawahi kuinua ukuta ukapinda. Alikuwa amejijengea nyumba pembezoni mwa mji, kwenye viwanja vipya. Kuta zimenyooka, bati linang'aa, ila mke hayumo. Tangu juzi kakimbilia kwa mama yake, na kahawa ya Timazi ilikuwa imempolea mkononi.

— Sasa shemeji analalamika nini hasa? — aliuliza Redio, kinyozi, ambaye hata akiwa ananyoa hazimiki.

— Eti usiku anasikia mtoto mchanga akilia. Mara nyuma ya nyumba, mara juu ya bati. Na mimi nakoroma tu. Basi kakata shauri: nina mwanamke nje, kanizalia, na huyo mama mtoto ananiletea mwanangu usiku nimwone.

— Anamleta juu ya bati?

— Nilimuuliza hivyo hivyo! Akasema, "Umeona? Mtoto hujamkana, umekana bati!"

Benchi zima likaangua kicheko. Timazi hakucheka. Alimpenda mke wake, na nyumba ile bila yeye ilikuwa stoo ya saruji tu.

Wakili alikohoa. Huyu ni fundi viatu. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja, kutoa ushahidi, na tangu hapo hafungui mdomo bila sheria.

— Kisheria, lisemwalo lipo. Una mtoto, ndugu yangu. Kubali yaishe.

— Sina!

— Labda humkumbuki. Kisheria hiyo ni kesi nyingine.

— Acheni hizo, — alidakia Redio. — Huyo ni jini. Majini siku hizi wamehamia mjini, huko porini hakuna umeme. Na wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimwachia bati sasa, ataoa huko huko juu!

Muuza kahawa akatua birika lake.

— Jini wapi! Kuna tajiri anataka kiwanja chako. Kafunga spika kwenye nguzo ya umeme. Inalia, unahama, anapandisha ghorofa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kitaingia tu, subiri.

— Au nyumba yenyewe ndiyo inayolia, — Wakili alisema polepole. — Saruji bado mbichi. Kisheria, nyumba ikiwa changa ni kichanga kama kichanga kingine chochote.

Timazi alikaribia kuamini. Nyumba kaijenga mwenyewe, na kwa siku zile angeamini lolote ambalo lingemrudishia mke.

Ghafla Redio akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Mama mkwe wa Timazi alikuwa anavuka barabara kuja kijiweni. Timazi aliinuka kwa pupa, kahawa ikammwagikia suruali.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Jana ulipolala kazini kulinda saruji, mimi na mkeo tulilala kwako. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu.

— Mkasikia?

— Tukasikia. Nikachukua tochi, nikatoka, nikammulika.

Benchi zima liliinama mbele.

— Komba. Kakaa ukingoni mwa bati, macho kama vifuniko vya soda, analia utadhani mtoto aliyeachishwa ziwa. Mkeo kacheka mpaka kakaa chini. Hivi sasa yuko kwako anapika, na anasema upitie vitunguu.

Timazi alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Moyo wake ulitua kama mtu aliyeshushiwa mfuko wa saruji begani.

— Si nilisema! — Redio alipiga kelele.

— Ulisema jini!

— Nilisema katoka porini!

— Kisheria, — alisema Wakili, — huyo komba ni mvamizi. Afukuzwe.

Mama mkwe alimtazama, kisha akamgeukia Timazi. Hakuwa na ukali.

— Pale ulipoweka jiko, mkwe, palikuwa na nini?

— Mti, mama. Mkubwa, wenye tundu katikati. Niliukuta umesimama palipotakiwa msingi, nikaukata.

— Binti yangu alipoona nyumba haikaliki, alikuwa na pa kukimbilia, kwa mama yake. Yule aliyekuwa anakaa kwenye mti, yeye akimbilie kwa nani?

Muuza kahawa aliinamisha birika ili apate la kufanya, yakatoka machicha matupu.

Timazi aliaga. Alikwenda sokoni karibu akikimbia kwa furaha, akanunua vitunguu vya mke wake, halafu akarudi tena kwa muuzaji akaongeza ndizi mbivu ambazo hakuna aliyemwagiza, za kuweka ukingoni mwa bati.